Pampu ya Benzi ya Baba

Hadi leo nikiingia kituo cha mafuta nafunga kioo. Wenzangu hudhani harufu ya petroli inaniumiza kichwa. Wala. Inanirudisha uani kwetu hapa Mwanza, nina miaka tisa, nimechutama nyuma ya Benzi nyeupe ya baba, pua nimeibandika kwenye mdomo wa tangi, navuta pumzi kama mtu anayenusa pilau la jirani.

Nawaambia ninyi jambo ambalo sijamwambia mtu. Harufu ile niliipenda kuliko ya maandazi.

Baba alikuwa mkuu wa shule, Mhaya wa Bukoba, na mnajua tunavyotaniwa sisi kwa kujisikia. Kwake utani huo ulikuwa kweli tupu. Benzi aliinunua kuukuu kwa mzee mmoja aliyekuwa akihama mji, viti vya ngozi vimepasuka, milango inalia. Lakini ile nyota ya mbele aliisugua kila Jumamosi kwa mkono wake. Kulikuwa na siku maji ya bomba hayakutoka, sisi tukanawa uso tu, Benzi ikaoga.

Asubuhi moja nikapata wazo la kwenda na harufu ile shuleni. Mama alikuwa amenidarizia hanchifu nyeupe yenye ua jekundu pembeni, kwa ajili ya ukaguzi wa usafi wa kila Jumatatu. Nikaifunga kwenye waya wa mwavuli mbovu, nikaichovya ndani ya tangi. Waya ulirudi peke yake. Nilitazama ndani nikaona giza tu, nikafunga kifuniko, nikakimbilia shule. Mwalimu wa zamu alinichapa kwa kukosa hanchifu, na mimi nikaona deni limekwisha.

Wiki hiyohiyo gari likaanza kuzima. Mara ya kwanza tulikuwa njia ya Magu, tumeshafika Kisesa, pale pa kuchepukia kwenda Bujora. Halikukohoa wala kutoa moshi. Lilinyong'onyea tu, likanyamaza. Baba akafungua boneti akaitazama injini kama anavyomtazama mwanafunzi mtoro. Baada ya robo saa akajaribu ufunguo, likawaka kama halijawahi kuumwa. Siku tatu zikapita salama, likazima tena kwenye kilima cha kurudi nyumbani. Halikuwa na siku wala saa.

Tukalipeleka gereji kwa Fundi Hamza, mtaa wa Mirongo. Alikuwa mzee mfupi mwenye kofia ya kushonwa kwa mkono iliyolowa grisi, na ukoo wao ulikuwa pale mjini tangu enzi za babu zake. Alikuwa na desturi moja: hagusi boneti kabla hajamhoji kila anayelipanda gari, mmoja mmoja. "Gari halisemi," alikuwa akisema. "Wanaosema ni wanaokaa nalo." Akamwuliza baba likizima hukaa muda gani. Akamwuliza mama kama husikia mlio. Kisha akachuchumaa mbele yangu, uso wake sawa na wangu.

"Na wewe, bibi mdogo? Wewe unakaa nyuma, unaona tusiyoyaona. Umeona nini?"

Hakuna mtu mzima aliyewahi kuniuliza swali la namna hiyo na kusubiri jibu. Kichwa changu kilikuwa kimejiambia hanchifu imeshayeyuka kwenye petroli. Moyoni nilijua vingine. Nikaikumbuka fimbo ya baba juu ya kabati.

"Sijaona kitu," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaniamini. Hilo ndilo linaloniuma hadi sasa. Kwa kuwa niliyasema hayo, alitafuta kila mahali isipokuwa ndani ya tangi. Akabadilisha plagi, akapima nyaya, akaweka chujio jipya. Mwisho akafungua pampu ya mafuta, akaisafisha, akairudisha.

Gari likatembea vizuri hadi siku ya harusi ya binti wa baba mdogo. Baba ndiye aliyejitolea kumbeba bibi harusi, Benzi imefungwa riboni nyekundu. Ikazima katikati ya njia ya Magu, jua la saa sita, vioo vya nyuma havishuki. Bibi harusi alifika kanisani kwenye pikapu iliyobeba magunia ya mpunga, makapi yamemnata kwenye shela. Watu walicheka. Baba hakula chakula cha harusi.

Jumatatu aliniambia nipande, tukaenda Mirongo. Alianza kusema kabla hajazima injini.

"Hamza! Umenyofoa pampu yangu ya asili ukanifungia ya bandia! Waitu, jamani, kweli kikulacho ki nguoni mwako!"

Mafundi wote wakasimamisha spana. Wateja wawili waliokuwa wakingoja wakatazamana, na mmoja akachukua ufunguo wake mezani. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma. Kilichokuwa nguoni mwa baba kilikuwa mimi, na nilikuwa nikitazama kucha zangu.

Fundi Hamza hakupandisha sauti. "Mwalimu, tangu baba yangu, hapa hatujala cha mtu. Niachie gari hadi kesho."

Kesho yake alasiri alilileta mwenyewe nyumbani. Baba alipokea ufunguo bila salamu, akaondoka kulijaribu barabarani. Tukabaki uani, mimi na yeye. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba, akatoa mfukoni hanchifu yangu. Alikuwa ameifua na kuikunja pande nne. Lile ua jekundu lilikuwa limefifia, limebaki rangi ya waridi.

"Nilishusha tangi lote," alisema taratibu, akinieleza kama fundi mwenzake. "Mafuta yakivutwa, inakwenda nayo, inaziba tundu. Gari likizima, inaachia, inaanguka. Ndiyo maana lilikuwa linapona lenyewe." Akaiweka kiganjani mwangu. "Mimi sitamwambia baba yako. Hii ni yako, na maneno yake ni yako."

Nikamshukuru kwa furaha ya kweli. Nilisikia nusu ya kwanza tu: hatasema. Niliona nimepata mzee mwema wa kunifichia siri.

Baba akarudi anatabasamu. "Umeona? Nimekutikisa kidogo, pampu yangu imerudi!"

Fundi Hamza akanigeukia. Alisubiri, si kidogo. Nikaishika hanchifu mgongoni, nikatazama nyota ya Benzi. Ndipo akasema, "Gari limepona, mwalimu," akaondoka kwa miguu.

Baba aliisimulia hadithi ya pampu kwa miaka yote iliyobaki, kwenye harusi, kwenye ubarikio, kwa wageni wa sebuleni. Mwizi wa pampu wa Mirongo. Gereji ile ikapungua magari, kisha ikafungwa. Nami kila aliposimulia nilikuwa nikimimina chai.

Nilikuwa mtu mzima, mwanangu amevunja kikombe na ananitazama, nilipoielewa nusu ya pili. Mzee yule hakunifichia siri. Angeweza kuikunjua hanchifu mbele ya baba na kujisafisha palepale, nami ningechapwa. Aliona afadhali niseme mwenyewe. Aliniachia jina lake, nilirudishe kwa mkono wangu.

Mwaka jana baba alifariki. Fundi Hamza alikuja msibani, amezeeka sana, akakaa mwisho wa benchi na kikombe chake cha chai. Baba mdogo alikuwa akiwachangamsha watu kwa visa vya marehemu, akafika kwenye pampu, na hakumtambua aliyekaa pale. Watu wakacheka kwa machozi. Kisha akanigeukia mimi. "Si ulikuwepo, binti? Hebu waambie!"

Mzee aliinua uso, akanitazama vilevile alivyonitazama akiwa amechuchumaa gereji. Baba alikuwa kaburini, na fimbo yake ilishakuwa kuni zamani. Hakukuwa na cha kuogopa.

"Nilikuwepo," nikasema.

Wakacheka tena. Fundi Hamza akaweka kikombe chini kabla hakijaisha, akampa mama mkono wa pole, akaenda zake. Hanchifu ilikuwa chumba cha pili, kwenye sanduku langu, bado imekunjwa pande nne.