Mchanga Juu ya Lami

Nilimwaga mchanga juu ya lami mbichi, ndio upumbavu wangu. Leo wanaziba mashimo mbele ya shule, na harufu ileile imeingia bila ruhusa mpaka ndani ya somo la hesabu.

Siku ile papa, baba yangu, aliyeyusha lami katika nusu pipa, akaziba shimo la njia yetu ya kuingilia nyumbani. Alipokwenda kunawa, nikalifunika lote kwa mchanga mkavu. Mara akatokea mwenye toleka, aliyekuwa akimpeleka mama sokoni kila asubuhi kwa baiskeli yake; mimi nilimwita tonton, yaani mjomba.

“Tonton, pita tu! Imeshakauka!”

Gurudumu likazama, naye akaanguka, viganja vyote viwili ndani ya lami ya moto. Nilicheka mpaka nikakaa chini.

“Tonton, glavu nyeusi zinakupendeza kabisa!”

Mama akaja mbio na mafuta ya mawese, akamsugua polepole. Lami ikabanduka pamoja na ngozi. Tonton akajaribu kushika usukani wa baiskeli, akauachia. Akajaribu tena. Hapo kicheko kikanikatika.

Mama hakuinua hata kichwa.

“Unanyamaza juu ya nini? Cheka, tonton asikie.”