Wifi Aliyegeuza Nyumba

Wifi yangu akiitwa kuangalia nyumba ya mtu, haanzi na nyumba. Anaanza barabarani. Anashuka pale ambapo mgeni angeshuka, anajikung'uta vumbi, kisha anakuja taratibu kwa miguu, akitazama huku na huku, na hamsalimii mtu mpaka afike mlangoni. Ukimwita njiani anakupuuza. Wengi wameshamnunia kwa hilo. Akishafika ndipo anarudi kuwa binadamu, anasalimia vizuri, anauliza habari za watoto, halafu anakwambia bila kupepesa macho kwamba nyumba yako inamfukuza mtu kuanzia getini.

Ni fundi rangi. Mtaani kwake wanamwita Brashi, na ukimtafuta kwa jina alilopewa na wazazi wake utazunguka mpaka uchoke urudi kwako. Ni mdogo wake marehemu mume wangu, kitindamimba wa kwao, mrefu, mwembamba, mwenye sauti kubwa kuliko mwili. Alipoachika na kurudi na watoto mkononi, kaka yake hakumpa pole. Alimpa makopo ya rangi yaliyobaki tulipopaka nyumba yetu, akamwambia shule ya jirani ina milango inayotia aibu. Akaipaka. Mwalimu mkuu akamwongezea madirisha, na tangu hapo hajamwomba mtu chumvi. Siku za mwanzo wanaume walikuwa wakisimama chini ya ngazi kumcheka. Mmoja akamuuliza atapandaje huko juu na gauni.

"Ndani nimevaa suruali," akamjibu. "Wewe endelea kutazama juu, rangi ikikudondokea machoni usinilaumu."

Nataka kusema alichonifanyia, maana watu wanapenda sana kuwasema mawifi, nami nimenyamaza vya kutosha.

Mume wangu alipofariki nilibaki peke yangu kwenye nyumba kubwa. Mtoto wetu ni mmoja tu, binti, anafanya kazi maabara katika hospitali ya mji mwingine, na mwanawe hatembei. Mjukuu wangu ana akili nyingi na mdomo usiojua likizo, ila miguu haina nguvu. Walikuwa wamepanga ghorofani. Mama yake anambeba ngazini asubuhi, anambeba jioni, na mtoto haachi kukua. Kila dada wa kazi aliyekuja aliondoka akijishika kiuno. Dawa ilikuwa moja: niuze nyumba yangu, tununue ya chini kule kule, yenye milango mipana, mimi nikae na mjukuu, yeye aende kazini. Nikikosa mnunuzi, au nikiuza kwa bei ya kutupa, binti yangu angelazimika kuacha kazi. Alishaanza kulisema hilo kwenye simu, kwa sauti ile ya mtu anayejifanya hana shida.

Dalali akaleta watu. Walikuja, wakatazama, wakaaga. Kuna aliyefika hata gari hakuzima. Mwishowe dalali akaja peke yake, akakaa kwenye ukingo wa kiti.

"Mama, usinichukie," akasema. "Wanaitaka kwa bei ya kiwanja. Wanasema nyumba yenyewe wataivunja."

Nikamwambia aende akavunjwe yeye. Aliondoka amenuna, nami nikalala bila kula kwa hasira. Asubuhi nikampigia wifi simu. Jirani yangu aliposikia alishika kichwa. "Unamwita wifi kwenye nyumba ya kaka yake? Huyo atakuja na futi ya kupimia fungu lake!"

Alikuja na ngazi.

Alishuka barabarani, akaiegemeza ngazi kwenye nguzo ya umeme, akajikung'uta. Mimi nilikuwa dirishani jikoni nampungia mkono. Akanipita na macho kana kwamba hanijui. Akaja polepole mpaka kati ya tenki la maji na kamba ya nguo, akasimama mbele ya mlango wa jikoni, akapiga hodi.

"Zunguka mbele, wifi," nikamwambia, kama nilivyozoea kumwambia kila mgeni.

"Mbele wapi?" akaniuliza.

Hapo inabidi nieleze. Nyumba yetu ilipojengwa ilitazama njia ya zamani iliyokuwa ikienda sokoni. Upande huo mume wangu alijenga baraza kwa mikono yake, lenye nguzo nene na sakafu ya saruji nyekundu ambayo ukiisugua vizuri unajiona uso. Baadaye barabara ya lami ikapasuliwa upande wa pili, nyuma ya jiko. Njia ya zamani ikafa, jirani akajenga ukuta mrefu, baraza letu likabaki kutazamana na matofali. Mume wangu hakukubali kushindwa. "Barabara ndiyo imekosea, siyo nyumba," alikuwa akisema. Basi kila mwaka tulinunua rangi tukapaka nguzo, kingo za madirisha, mlango, kila kitu cha huko mbele. Nyuma, ambako dunia nzima ilikuwa ikipita, tuliacha moshi ukutani, tenki linalovuja, banda la kuku na nguo zangu za ndani zikipepea. Miaka yote ile tulikuwa tunajipamba kwa ajili ya ukuta wa jirani.

"Wanunuzi wako hawajaiona nyumba," wifi akasema. "Wameliona jiko. Tutaigeuza."

"Unaigeuza kama godoro?"

"Una korido iliyonyooka toka mlango hadi mlango. Mlango mzuri wa kaka tunauhamishia huku kwenye barabara, na huu unakwenda mahali pake. Jiko tunalifungia dirisha jipya, moshi utokee ubavuni. Tenki, kuku na kamba vinahamia kule."

"Kule wapi?"

"Barazani."

Damu ilinipanda. Lile baraza ndilo alilokuwa akinisubiria mume wangu nikichelewa kurudi, na kiti chake kilikuwa bado kiko pale pale. Nikamwambia wifi apake kilichopo kisha ashike njia. Nilisema na mengine ambayo hayana haja ya kuandikwa.

Hakubishana. Alipita koridoni, akatoka nje upande wa pili, akavua viatu, akakaa sakafuni. Nikamfuata nikiwa bado nafoka. Alikuwa anapitisha kiganja kwenye ile saruji.

"Hii tuliishindilia mimi na kaka," akasema. "Alikata gogo akalitia vishikio, huku anashika yeye, huku nashika mimi. Nilikuwa mdogo, nikinyanyua gogo na miguu inanyanyuka. Alikuwa ananiambia nikichoka niimbe. Tazama, mpaka leo haina hata ufa." Akajipangusa kiganja. "Sasa niambie wewe. Mjukuu wako analifaidi vipi baraza hili akiwa kule aliko?"

Nikaingia ndani kuchemsha chai, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa yangu.

Akachapa kazi. Aliusugua ukuta wa jikoni kwa sabuni na brashi ya waya mpaka moshi wa miaka ukaachia. Akaziba nyufa, akapiga msasa, akapaka rangi ya chini, akasubiri ikauke, akapaka tena. Mimi nilikuwa nimechagua kijani kilichokolea, napenda kijani. Alilitazama kopo kama mtu aliyeletewa maziwa yaliyoganda.

"Unapenda wewe," akasema. "Lakini wewe si unaondoka? Tunapaka rangi ambayo haina mgomvi."

Juu akapaka nyeupe iliyotulia, chini akazungusha kijivu ili matope ya mvua yasiseme. Fundi bomba akahamisha tenki. Seremala akaung'oa ule mlango, nami ulipotoka kwenye fremu yake nilijishika mdomo. Kuku walihama wakilalamika kunizidi. Wifi akapanga mawe toka barabarani hadi mlangoni, akayalaza bapa ili mtu asijikwae, akapunguza michongoma iliyokuwa imeziba dirisha la sebule. Nilipothubutu kutaja malipo alinikata jicho, nikaufyata.

Kila jioni alinivuta mkono hadi ng'ambo ya barabara, tunasimama huko tumechafuka kama watu waliofukuzwa, tunaitazama. Mwanzo nilikuwa naona fujo tu. Jioni ya mwisho, taa ikiwa imewashwa juu ya mlango, niliitazama kama mgeni. Nilikuwa nimeishi humo tangu nikiwa bibi harusi, na sikuwahi kusimama mahali nikaiona. Ilikuwa nzuri. Niliona wivu kwa atakayeinunua, na papo hapo nikamshukuru Mungu kwa yule mwanamke mwenye rangi puani.

Dalali nilimwomba radhi, naye akaleta mtu na mkewe. Waliegesha ng'ambo. Mimi na wifi tulikuwa tumebanana nyuma ya pazia la jikoni, watu wazima na akili zetu. Walipovuka barabara tukamsikia mume akiuliza, "Ndiyo hii?" kwa ile sauti ya mtu ambaye hataki dalali ajue kuwa amependa. Mke hakungoja. Alikuja juu ya yale mawe, akaugusa mlango, akaingia. Tukatoka jikoni tukamfuata. Akapita sebuleni, akafungua vyumba, akafungua kabati, akafungua bomba. Kila alichofungua kilimjibu vizuri. Ndipo akafika mwisho wa korido, akafungua mlango wa upande wa pili.

"Na hili?" akauliza.

"Baraza la zamani," akasema dalali.

Yule mama alisimama pale kati ya kuku na tenki, akatazama nguzo, akatazama ule ukuta wa jirani. "Mimi hapa ningetaka chumba cha mama yangu. Anahamia kwetu, hawezi ngazi. Lakini ni lazima hili livunjwe, na linaonekana limejengwa kwa moyo." Akanigeukia mimi, kwa heshima kabisa. "Mama, mtaumia? Kama lina maana kwenu, tuambieni tu, tutatafuta kwingine. Sitaki kuanza maisha kwenye nyumba ya watu nimewaliza."

Laiti angekuwa jeuri! Jeuri ningemmudu. Nilifungua mdomo, na nakuapia, neno lililokuwa linakuja ni kwamba haiuzwi. Binti yangu, mjukuu, zile ngazi, vyote nilivijua, na bado neno lilikuwa linapanda kooni.

Wifi akanipita kwa bega. Akapiga kisigino sakafuni, akacheka.

"Vunja, dada! Tena utanishukuru. Hili lilijengwa na mtu asiyejua kazi, akisaidiwa na mtoto. Msingi wake wa kubahatisha tu. Mimi fundi, najua ninachokwambia."

Yule mama akashusha pumzi. Mumewe, aliyekuwa hajasema kitu tangu aingie, akamuuliza dalali lini tunaweza kukaa kuandikishana. Walikubali bei tuliyotaja bila kuigusa. Dalali alitoka pale akitembea kwa vidole, nadhani aliogopa kuwaamsha wakabadili nia.

Nilimpigia binti yangu simu. Akasema kesho yake atamwambia mkuu wake kwamba habari za kuondoka zimekwisha, na nyuma yake nikamsikia mjukuu akiuliza kwa kelele kama bibi anakuja na kuku. Tulilia wote wawili, na mtoto akatukasirikia kwa sababu hajajibiwa.

Nikamkuta wifi bombani anaosha brashi zake, mgongo ameugeuzia nyumba.

"Wifi," nikamwambia, "umemtukana kaka yako."

"Na mimi nimejitukana humo humo. Si nilikuwepo?"

"Lile baraza halina ufa. Umeniambia mwenyewe."

Hakugeuka. Alikamua brashi mpaka maji yakatoka safi, akaikamua tena.

"Kaka alilijenga ili upate pa kupumzikia," akasema, na ile sauti yake kubwa ilikuwa imekwisha. "Alikupenda wewe, wifi. Hakupenda saruji."

Nikachuchumaa karibu naye, nikachukua brashi iliyobaki, nikaiosha.