Miguu Minene ya Kuku Wangu

Mama yangu hakuwa mtu wa kukosea kuku. Alikuwa anamwinua kifaranga, anamtupia jicho mara moja huku akiendelea kuongea na jirani habari nyingine kabisa, kisha anasema huyu tembe, huyu pora, na miezi ikipita inakuwa hivyo hivyo. Wanawake wa mtaa wetu wa Kamunyonge walimletea vifaranga wao kwenye vikapu, awaambie yupi atataga na yupi atawika. Hakuwahi kuwaambia anatazama nini. Mimi nilijua, kwa kuwa nilikuwa mdadisi na nilipenda kukaa miguuni pake. Alitazama miguu na mgongo. Mwenye miguu minene, anayesimama wima na kuchelewa kuota manyoya mgongoni, huyo alikuwa pora. Mwenye miguu myembamba aliyevaa manyoya mapema alikuwa tembe.

Nyumbani kwetu jambo hilo halikuwa la mchezo. Kuku akitotoa, mtoto mmoja alipewa zamu ya kujichagulia kifaranga. Ukipata tembe, ni wako yeye na mayai yake. Ukipata pora, analiwa na wageni, na wewe unasubiri zamu irudi, nasi tulikuwa watoto saba. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalibaki na rafu tu. Tulifulia majani ya mpapai, na daftari ulilipata kwa kujuana. Mtoto mwenye kuku anayetaga aliweza kubadilishana mayai na daftari la jirani, na hakuna aliyemtuma ovyo.

Zamu yangu ilifika nikiwa na miaka kumi. Safari hiyo shangazi alikuwa ameleta mayai kutoka Manyamanyama, ameyafukia kwenye mbegu za pamba yasivunjike njiani, na mama akayachanganya na yetu chini ya kuku mmoja. Walipototolewa hakuna aliyejua yupi ametoka yai lipi. Mimi nikamchagua mrefu kuliko wote, mwekundu, aliyekuwa akiwafukuza wenzake kwenye pumba. Miguu yake ilikuwa minene kama vidole vyangu na mgongo ulikuwa mtupu. Kaka zangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mama alisema ni pora, nibadilishe mapema, akaendelea kuchambua dagaa. Sikubadilisha. Nilikuwa mbishi, na umri haujanisaidia.

Nilimchunga kuku yule kama mgonjwa. Alipokaribia miezi minne nikagundua jambo. Pora wa jirani wa umri uleule alikuwa na manyoya ya shingo yaliyochongoka na kung'aa. Ya kuku wangu yalikuwa mafupi, ncha zake za mviringo, kama za kuku yeyote anayetaga. Nilienda kwa jirani mara tatu kuhakikisha. Furaha niliyokuwa nayo sikumwambia mtu.

Wiki hiyohiyo baba akasema katekista wa Nyegina atakula kwetu Jumapili. Mapora wengine walikuwa wameshaliwa, na kuku waliobaki walikuwa wanataga au wameatamia. Mama akanyoosha kidole kwa kuku wangu.

Nilimkimbilia, nikamkumbatia, nikaanza kueleza habari za manyoya huku nalia. Mama akaja, akaipapasa ile miguu, akanitazama mimi, kisha akaenda zake jikoni. Jumapili mgeni alitengewa ugali wa udaga, unga wetu wa muhogo, na sato wa kuchemsha kwa nyanya. Kwetu ziwani samaki ni chakula cha kila siku. Kumpa mgeni samaki na kuku anatembea uani ni kumwambia kwamba hukumtarajia, au humjali. Katekista alikula vizuri na kuomba mchuzi zaidi. Baba alikula akiwa ameinamisha macho kwenye sahani. Niliona aibu, lakini nisiseme uongo, nilikuwa na furaha kuliko aibu.

Kuku alitaga. Alichelewa, tulikuwa tumeshafika msimu mwingine wa mvua, lakini alitaga. Nililizungusha lile yai mtaa mzima. Shangazi alipokuja tena alimtazama akasema huyo ni kuchi, kuku wa mbegu ndefu, na majike yao nayo huwa na miguu minene na mgongo unaochelewa. Mama alikuwa amezoea kuku wetu wa kienyeji, hakuwa amewahi kufuga kuchi. Mimi nikajiona bingwa. Daftari langu la kwanza la mayai lilikuwa la hesabu.

Miaka ya ruksa ilipokuja, maduka yakajaa, na mimi nikafungua kibanda Bunda cha kuuza vifaranga wa kisasa, wanaoletwa kwa maboksi. Siku moja mama alikuwa amenitembelea, amekaa kwenye gunia la chakula cha kuku, na mimi nikawa namsimulia mteja jinsi nilivyomfundisha mama yangu kusoma manyoya ya shingo nikiwa na miaka kumi. Nilikuwa nimeshaisimulia hadithi hiyo mara nyingi.

"Hukunifundisha kitu," mama akasema. "Hayo manyoya mimi sikuyaangaliaga hata. Siku ile nilijua ni pora."

Nikamuuliza kwa nini basi alimpa katekista samaki.

Akapangusa pumba kwenye kanga yake. "Mwaka ule wote hukuniomba kitu," akasema. "Hata sabuni. Ulikuwa umeomba hicho kimoja tu."

Mteja alikuwa anasubiri vifaranga wake. Nikainama kwenye boksi, nikawahesabu mara tatu, na mara zote tatu nikakosea.