Kengele ya Kati Ilivyonyamaza

Justina Premrl alikuwa mwanamke wa maneno machache na mikono mikubwa, na kijijini Podlesje, katika bonde la Vipava, hakuna aliyemshinda kupiga kengele ya kati. Siku za sikukuu, kengele za huko hazivutwi kwa kamba. Wapigaji watatu hupanda mnarani, kila mmoja akashika ulimi wa kengele yake, kile chuma kinachoning'inia ndani, na kuugonga ukingoni, akiingia pale mwenzake alipoacha nafasi. Akikosekana mmoja, wimbo unachechemea.

Alifundishwa na baba yake, aliyeikumbuka Krismasi ya vita, jeshi lilipozishusha kengele likaziyeyusha kuwa mizinga. Mwaka huo wanawake walisimama uwanjani wakagonga jembe la plau kwa nyundo, ili wagonjwa wa mlimani wajue Mtoto amezaliwa. "Asiyeweza kuja kanisani," alimwambia binti yake, "kengele inamwendea."

Kwa hiyo hata chama cha kikomunisti kilichotawala kilipoifanya Krismasi siku ya kazi kama nyingine, Justina alipanda mnarani alfajiri, akapiga, kisha akakimbilia kiwanda cha mbao. Mwaka mmoja akaitwa ofisini kiwandani. Mkuu alijua saa aliyopanda, alijua hata kitambaa alichojifunga. Wakamfukuza kazi. Karani mmoja alimnong'oneza jina la aliyekwenda kumsema: Stanko Žgur, jirani yake, aliyefundishwa kengele na baba yuleyule. Justina akaishi kwa maziwa ya ng'ombe wawili, na tangu hapo hakuitikia salamu ya Stanko.

Miaka ikapita, chama kikaanguka. Stanko akarudi kanisani, akajikalia benchi la mbele. Kisha, siku ya mkesha wa Krismasi, mpiga kengele ndogo akateleza kwenye barafu, akavunjika nyonga. Adhuhuri Justina alipofika mnarani, akamkuta Stanko ameshika nafasi ya aliyeumia.

"Huyu anafanya nini hapa?" alimuuliza Drago, mpwa wake, aliyepiga kengele kubwa.

"Padri kamleta, shangazi."

"Niulize mwenyewe," Stanko alisema. "Nina masikio."

"Masikio yako nayajua. Yalinifukuzisha kazi."

"Mambo ya zamani hayo. Nisingesema mimi, angesema mwingine."

"Lakini ulisema wewe. Kesho kabla ya misa simama mbele ya watu, uwaambie. Ukisema, tutapiga pamoja."

"Unaota, mama."

"Basi leo nawapigia wagonjwa. Kesho utapiga na upepo."

Wakapiga. Stanko hakukosea hata pigo moja. Aliingia kila nafasi kama walivyofundishwa na mzee, na hilo ndilo lililomchoma Justina kuliko maneno yake.

Asubuhi ya Krismasi alisimama mlangoni mwa kanisa na koti lake jeusi. Juu kengele mbili zikaanza, na katikati yake pengo. Watu wakasita uwanjani, wakainua macho. Padri Ludvik akatoka na kanzu yake ya misa.

"Panda juu, mama. Unawaharibia watu sikukuu."

"Stanko ashuke aseme alichonifanyia. Nitapanda mbio."

"Leo ni siku ya kusamehe."

"Hajaomba msamaha, padri."

"Kwani kafanya nini?" mtu wa posta akauliza.

Justina akawaeleza wote, bila kupandisha sauti. Wengine walikuwa wakijua siku zote. Hao walitazama viatu vyao. Mke wa Stanko akamwambia ana roho ya nyoka. Juu, kengele ndogo ikanyamaza, kisha kubwa. Stanko akashuka, akapenya katikati ya watu wasiompisha, akaenda zake nyumbani bila kuingia misani.

"Umefurahi sasa?" padri akauliza.

"Hapana. Lakini sasa wanajua."

Padri hakumsalimia tena hadi Kwaresima, na akina Žgur wakahamia parokia ya jirani. Sikukuu ya Epifania, mwanzoni mwa Januari, Justina alipanda mnarani na Drago, na kengele ndogo ikashikwa na binti wa mtu wa posta, ambaye alichelewa kuingia na pigo lake mara kwa mara, akakaripiwa asubuhi nzima.