Kiti cha Mfalme Nilichoachiwa Amana

Asalaam aleikum wanaukurasa. Jina langu tafadhali lisitokee, huku Mji wa Kale tunajuana sote. Mimi ni mjane wa miaka sitini na mbili, naishi peke yangu. Mwanangu ni mmoja tu, yuko Ulaya, na tangu tumzike babake hajakanyaga hapa.

Sebuleni nina kiti cha kale, mbao zake zimepakwa dhahabu. Si changu. Aliniachia jirani yangu Mbohora, rafiki yangu wa kufa na kuzikana, alipohamia kwa bintiye ng'ambo. Babake alikinunua Unguja kwa Mfaransa aliyekuwa akihama. Aliniambia, "Dadangu, niwekee, nitakuja kukichukua." Siku hizi simu yake haipatikani, wala sijui kama yu hai.

Mwaka huu mwanangu alikiona kwenye simu ya video. Haukupita muda akaja, pamoja na Mfaransa mmoja mjuzi wa samani za kale, aliyekaa sana pwani na Kiswahili anakijua. Wallahi nilifurahi! Nilipika mahamri na mbaazi, nyumbani kukasikika sauti za watu. Mgeni akakipindua kiti, akatuonyesha alama ya taji iliyochomwa chini yake. Akasema kilitoka kasri la mfalme wa Ufaransa, na angependa kukinunua kwa bei kubwa. Alichotaka kujua ni kilifikaje Mombasa, na mwenyewe ni nani.

Mwanangu akawahi, "Ni cha babu yake babangu, alipewa zawadi." Akanigeukia. "Au sivyo, mama?"

Nilitamani kuitika. Ulimi ulikataa. Nikasema, "La, mwanangu. Hiki ni amana ya jirani."

Mgeni alishukuru, akaaga kwa adabu. Mwanangu alibeba begi lake akaenda kulala hotelini, mji huu huu nilimomzaa.

Jana alinipigia. "Mama, bibi yule huenda keshakufa. Mwambie mgeni ulichanganyikiwa, ni uzee. Ukisema hivyo narudi nyumbani, tutafunga Ramadhani pamoja. Usiposema, usinitarajie tena."

Nilikata simu nikalia. Nimewauliza Mabohora wote ninaowajua, hakuna mwenye habari za rafiki yangu. Mchana kutwa sina wa kuzungumza naye ila redio. Amana naiogopa, na mwanangu ndiye mtu pekee niliyebakiwa naye duniani. Mgeni anarudi Ijumaa baada ya swala, kusikia neno langu la mwisho.

Ndugu zangu, nambieni, nimjibu nini mgeni huyo?