Wazee Wawili Waliokalia Ekicholong

Kuna fundi wa akala hapa Kitale, karibu na soko, ambaye hukata matairi tangu asubuhi. Nikipita pale jua likiwa kali na harufu ya mpira uliopata moto ikanipanda puani, husimama kidogo nikajifanya natafuta kitu mkobani. Fundi hudhani nataka viatu. Ninyi niwaambie ukweli: wakati huo nimerudi Lodwar, nina miaka tisa, nimelala sakafuni na sikio limebanwa kwenye ubao, namtafuta mama yangu.

Nyumba yetu ilikuwa kioja. Majirani waliishi kwenye sakafu za simenti au za udongo, lakini sisi tulipewa nyumba ya mbao iliyoinuliwa juu ya nguzo fupi, iliyoachwa na watu waliokuja kujenga barabara wakaondoka. Joto lilikuwa limezikausha mbao za sakafu hadi zikaachana. Ukiangusha kifungo cha shati kilipenya kikaenda chini kwa nge, na hapo ulikiaga. Watoto wa jirani walipenda kuja kuruka humo ndani wasikie sakafu inavyolia kama ngoma. Jioni wakiitwa kwao walitoka mbio wote, nikabaki mimi na ngoma yangu.

Baba alikuwa afisa wa maji, mtu wa Webuye, mpole na mchache wa maneno. Mama alikuwa muuguzi Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi. Siku hizo barabara ya Kakuma ilikuwa mbovu na ya hofu, magari yakisindikizwa na polisi, kwa hiyo mama alikuja mwisho wa mwezi, na miezi mingine hakuja kabisa. Alipokuja alinisuka nywele. Alipoondoka baba alijaribu kunisuka, nikaenda shule nikiwa na pembe mbili zisizolingana, na mwalimu akaniuliza kama nimepigana.

Baba alitaka mama aombe uhamisho aje hospitali ya Lodwar. Kila alipokuja tulimuuliza, na kila mara alijibu, "Bado hawajakubali." Nilimwamini. Nilikuwa nimemtengea rafu ya viatu, na kila Jumamosi niliipangusa vumbi.

Basi siku moja utingo wa basi akatuletea flashi kutoka kwa mama. Alikuwa amejiunga na kwaya huko Kakuma, yenye waimbaji wa Kongo, wa Sudan na wa kwetu, na mtu alikuwa amerekodi mazoezi yao kwa simu. Baba alikuwa na spika mbili kubwa alizouziwa na mfanyakazi mmoja wa Lokichar aliyekuwa anarudi kwao. Akachomeka flashi, tukakaa.

Nyimbo hatukuzisikia. Besi ya kinanda iliingia sakafuni, na sakafu ikaichukua ikaifanya yake. Nyumba nzima ikavuma. Vikombe viligongana kabatini, na meno yangu yakatetemeka. Kwaya ilikuwa mbali huko nyuma, kama watu wanaoita kutoka ng'ambo ya mto.

"Mama ako wapi?" nikauliza.

"Ako nyuma ya besi, Nekesa," baba akasema. "Tutamtoa."

Kazi hiyo ilitumaliza wiki nyingi. Kwanza alizitoa spika pembeni mwa chumba, maana ukutani na kwenye kona ndiko besi inakovimba. Tukapata nafuu kidogo, lakini sakafu bado iliimba kuliko kwaya. Akajaza magunia mchanga wa mto Turkwel akaziweka spika juu yake. Mchanga ukavujia kwenye nyufa za mbao, na kufikia asubuhi spika zimeinama kama walevi. Akaomba godoro langu. Spika moja ilianguka kifudifudi katikati ya wimbo, tukaambulia mchubuko na kicheko kidogo. Sikuwahi kumwona baba akishughulika vile kwa jambo lolote. Nilidhani anapenda vyombo vya muziki.

Kisha akaenda sokoni akarudi na ekicholong nne, vile viti vidogo vya kuchongwa ambavyo mwanamume wa Kiturkana hutembea navyo, akikalia mchana na kulazia kichwa anapojinyoosha. Akapanga viwili chini ya kila spika. Zikasimama vizuri mno, tukajisifu. Ndipo akaja Mzee Lokwawi, jirani aliyetuletea maziwa ya mbuzi. Alifika mlangoni akaganda.

"Ejoka, Mzee. Karibu ndani," baba akasema.

Mzee hakuinua mguu. "Hii ekicholong ni ya nani?"

"Ni yangu. Nimenunua soko."

"Yako ni moja. Mwanaume iko na moja. Hii ingine ya nani?"

Baba akaonyesha spika. Mzee Lokwawi alizitazama kwa makini sana, moja, kisha ya pili.

"Haya," akasema. "Hawa ni wazee. Lakini wanaongea wote pamoja. Nani anasikia?"

Tangu siku hiyo, kila alipoleta maziwa, alizipungia mkono spika na kuzisalimu "Ejoka" kabla hajatusalimu sisi. Baba alicheka hadi akafuta machozi. Nilifurahi kumwona hivyo, kwa sababu nyumba yetu ilikuwa imekaa muda mrefu bila mtu mzima wa kucheka.

Hata hivyo miguu ya vile viti ilikuwa ya mti, na mti juu ya mti ulizidi kupeleka mtikisiko sakafuni. Mwisho baba akachukua akala zake kuukuu, akapasha kisu moto, akazikata vipande. Harufu ikajaa nyumba hadi tukafungua madirisha na kupokea vumbi. Akaweka mpira chini ya kila mguu wa kiti, akapakia mawe bapa juu ya spika zitulie, akapunguza besi kidogo.

Ilikuwa Jumapili mchana, tumetoka kanisani. Nililaza kiganja sakafuni. Wimbo unacheza, mbao zimetulia. Besi ilikuwa imejikusanya, kila noti inakuja na kuondoka zake, na sauti za watu zikajitokeza moja moja. Na humo katikati, akichelewa kidogo kama kawaida yake, alikuwa mama. Nilipiga kelele. Nilimjua kabla hajamaliza mstari.

Wimbo ukaisha, kinanda kikabaki kimeshikilia noti yake, watu wakaanza kuongea karibu na simu. Sehemu hiyo kwetu ilikuwa mvumo mtupu siku zote. Sasa mwanamke mmoja wa Kongo akasikika waziwazi: "Mama Nekesa, banasema utatuacha uende Lodwar. Ni kweli?"

Mama akacheka, kicheko kipana ambacho hakuja nacho nyumbani. "Nani amesema? Walinipea nafasi tangu mwaka jana, nikakataa. Mimi siendi mahali."

Rekodi ikakatika.

"Baba, umesikia vile amecheka?" nilimwambia, nikirukaruka. Nafasi ni nini, na kukataa ni nini, mimi sikujali. Nilikuwa nimemtafuta mama na nimempata, mzima, anacheka, karibu kama yuko chumbani.

"Nimesikia," baba akasema.

Mama hakuhamia Lodwar. Aliendelea kuja mwisho wa mwezi na kunisuka nywele, hadi nikaenda shule ya bweni. Baba hakumuuliza tena habari za uhamisho mbele yangu. Nilimpenda mama na bado nampenda, na leo, nikiwa na kazi yangu na marafiki zangu mbali na nyumbani, siwezi kumlaumu mtu kwa kupata mahali anapocheka vile. Ila ilinichukua miaka mingi, na ndoa yangu mwenyewe, kujua kilichompata baba mchana ule, baada ya kuhangaika kote kule na mchanga na godoro na mpira ili asikie vizuri.

Kwa maana nilimwomba airudishe rekodi nyuma. Angeweza kusema umeme umepungua, au spika zimechoka, ningekubali. Alikaa chini kando yangu kwenye mbao, akairudisha. Nikaomba tena, akairudisha tena. Aliendelea hivyo hadi giza lilipoingia, kila mara akiniacha nimsikie mama akicheka mpaka mwisho.