Udongo wa Baba

Nikiwa mwaka wa mwisho chuoni, miaka ya tisini, niliondoka kijijini kwetu Kiruruma na udongo wa kibanja cha baba, shamba la nyumbani, kwenye kopo la maziwa. Aliuchimba mwenyewe chini ya migomba, mahali alipokuwa akimwaga samadi ya ng'ombe tangu nikiwa mdogo. Nilikuwa nimemweleza kwamba kuna bakteria wa udongoni wanaotengeneza dawa za kuua vijidudu wengine, nami nilitaka kuwatafuta kwenye udongo wake.

Maabarani niliwatenga bakteria, kila aina kwenye kisahani chake, nikawapa chakula cha kutosha. Hawakutoa dawa yoyote. Likizo ilipofika nilirudi nyumbani, nikamwamkia baba, nikamwambia udongo wake hauna kitu.

Akaniuliza, "Ulimweka kila mmoja peke yake, ukamshibisha?"

"Ndiyo, baba."

"Sasa angepigana na nani?"

Nilicheka. Nilikuwa mjinga mwenye koti jeupe, nikamjibu kwamba maabara si shamba la maharage.

Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba bakteria wengi wa udongoni wana jeni za kutengeneza dawa ambazo hukaa kimya kisahanini. Huweza kuamka pale bakteria wanapobanwa na njaa au na majirani. Baba alikuwa ameshazikwa, palepale kwenye migomba yake.

Wazee wa kanisani bado hunisimulia jinsi alivyokuwa akiwaambia, bila kinyongo, kwamba udongo wake ulipimwa na mwanawe msomi, ukaonekana hauna kitu.